Rozari, Leso na Mkanda wa Kisiagi
Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Awasi

 

Tulipotuma barua za mwaliko, wengi walidhani ofisi ya maendeleo ya parokia inawaita kuzungumza juu ya mikopo na mbegu. Hayo yatakuja siku yake. Leo tunataka kuzungumza juu ya nguo. Naona wengine mnacheka. Ngojeni kwanza.

Kuna kikundi kimoja kati ya vikundi vyetu, na hatutakitaja jina kwa sababu wenyewe wamekaa hapa na wametupa ruhusa tuseme habari hii bila jina. Kikundi hicho kina kisiagi cha dizeli. Kilimwajiri mama mmoja kijana wa kuhudumia mashine, kupima mahindi na kupokea pesa. Mama huyo ni muumini wa Legio Maria. Kila siku alikuja na leso nyeupe kichwani, na shingoni rozari ndefu juu ya nguo, kama walivyo wengi wao. Alifanya kazi miezi 7. Kitabu cha pesa kilikuwa safi. Mhazini mwenyewe alituambia kwamba tangu kisiagi kinunuliwe hajawahi kuona hesabu zikikubaliana namna ile.

Halafu maneno yakaanza. Mteja mmoja akasema hataki unga wake ushikwe na mtu wa Legio. Mwingine akauliza, kikundi ni cha parokia, mbona mlangoni anasimama mtu wa dini ile? Kamati ikakaa. Iliyoandikwa kwa kitabu cha mikutano ni hii: mhudumu aache leso na rozari nyumbani, kwa sababu ya usalama, kwa maana mkanda wa mashine unaweza kuzishika. Akaitwa, akaambiwa. Akajibu kwa heshima kwamba rozari anaweza kuitia ndani ya nguo, lakini leso hawezi kuvua mbele ya watu. Kamati ikasema ni yote mawili au hakuna kazi. Akaondoka siku ya Ijumaa. Siku 11 za mshahara hazikulipwa.

Sasa ndugu, kamati ile ilituuliza sisi wa ofisi kabla ya kumwachisha. Na sisi tukasema, kamati iko sawa, usalama kwanza. Hilo ndilo linalotuleta mbele yenu leo.

Wiki chache baadaye tulikwenda kukagua kile kisiagi kwa mambo mengine kabisa, mambo ya dizeli. Tukakuta kijana aliyechukua nafasi ya yule mama. Alikuwa amevaa koti la mtumba, mikono yake mipana, vifungo vimekatika, upande mmoja unaning'inia karibu na mkanda kuliko rozari yoyote ilivyopata kuning'inia. Tukauliza kama kuna mtu amemwambia neno juu ya koti. Hakuna. Na mkanda wenyewe haukuwa na kifuniko, unazunguka wazi toka kwa injini hadi kwa kisiagi, na watoto wanapita hapo na debe zao. Mzee mmoja wa kamati akatutazama, akasema polepole: "Tuseme ukweli. Haikuwa mkanda."

Basi tumekuwa tukitafuta kujua, sheria inasema nini, na wengine wamefanyaje. Tuliyoyapata ndiyo haya.

Kabla ya sheria, tukumbuke kwetu nyumbani. Babu zetu wa kwanza waliokwenda misheni waliitwa jonanga, watu wa nguo. Halikuwa jina la sifa kila mara. Walichekwa na ndugu zao kwa sababu wamejifunika kwa kitambaa cha wageni. Kwa hiyo hapa Luo nguo na dini zimetembea pamoja tangu mwanzo, na sisi ambao leo tunatazama leso ya mwingine kwa jicho baya ni wajukuu wa watu waliotazamwa vivyo hivyo.

Tena tazameni majirani. Kuna waumini wa Roho, ambao hukumbuka kifo cha Alfayo Odongo Mango kule Musanda mwaka wa 1934. Hao utawaona kwa kanzu nyeupe zenye msalaba mwekundu. Kuna watu wa Nomiya, kanisa lililotokana na Johana Owalo. Kuna Waislamu, dada zetu wenye hijabu. Kuna Waakorino na vilemba vyao, ambao wengi ni wa kutoka mkoa wa Kati lakini biashara imewaleta mpaka huku. Kuna Wasabato ambao wengi wao hawavai vipuli wala mikufu, na ukimlazimisha dada wa duka avae hereni ili apendeze mbele ya wateja, umemgusa pabaya. Na Legio wenyewe walianza hapa hapa Nyanza kati ya 1962 na 1963, watu wengi walipotoka Kanisa Katoliki wakiwafuata Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Ni nani hapa asiye na shangazi au mjomba huko? Kwa hivyo mara nyingine ugomvi wa rozari ni ugomvi wa familia ambao haujaisha, unatafuta tu mahali pa kutokea.

Haya, sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini, na kuionyesha dini yake kwa matendo, peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani. Kifungu hicho hicho kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani yake, tena asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha imani hiyo. Halafu kifungu cha 27, kile cha kukataza ubaguzi, kinataja dini, dhamiri, imani, utamaduni, na neno lingine ambalo wengi hatukujua kama limo: mavazi. Limeandikwa lenyewe. Na wanaokatazwa kubagua si serikali peke yake. Ni kila mtu, na kikundi cha kisiagi kimo.

Halafu kuna Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 5 kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini, katika kuajiri, mafunzo, kupandishwa cheo, masharti ya kazi na kuachishwa. Na jambo la kushangaza: mfanyakazi akilalamika kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo. Tuliposoma hapo tulitazamana. Tungethibitisha nini sisi? Kitabu cha mikutano kinasema usalama, na koti la yule kijana linasema neno lingine.

Lakini tusiwadanganye. Uhuru huu una mipaka. Sheria ile ile inakubali kwamba kazi nyingine ina mahitaji yake yasiyoepukika, na Katiba inaruhusu haki kupunguzwa kama kuna sababu ya maana inayoeleweka katika nchi ya watu huru. Ndiyo maana swali zima liko hapa: sababu ni ipi? Sisi tumeliweka kwa maneno mepesi ambayo kamati inaweza kujiuliza hata bila wakili. Je, ni madhara, au ni macho? Madhara ni kitu unachoweza kuonyesha kwa kidole: mkanda huu, moto huu, kidonda hiki, chakula hiki. Macho ni pale mtu anapoona vibaya tu, mteja hapendi, mwenyekiti hapendi, haifanani na sisi.

Mfano mzuri tulioupata unatoka Uingereza, na ni wa Wakristo, ili mtu asifikiri haya ni mambo ya Waislamu na Legio tu. Mama mmoja, Nadia Eweida, alifanya kazi ya kupokea abiria katika kampuni ya ndege ya British Airways. Mwaka wa 2006 alirudishwa nyumbani bila mshahara kwa sababu alivaa msalaba mdogo shingoni ukaonekana juu ya sare. Kampuni ilisema sare lazima iwe na sura moja. Wakati huo huo kampuni hiyo iliwaruhusu wengine vilemba na hijabu, na mwaka wa 2007 ikabadilisha yenyewe kanuni yake, wala biashara haikuanguka. Mwingine, Shirley Chaplin, alikuwa muuguzi wa hospitali huko Exeter, naye amevaa msalaba kwa mkufu miaka mingi. Hospitali ikasema mgonjwa anaweza kuuvuta, au mkufu ukagusa kidonda. Ikampa njia nyingine za kuuvaa, kwa mfano kuufunga pamoja na kitambulisho chake, yeye akakataa.

Wote wawili walifika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, kule Strasbourg. Hukumu ikatoka siku moja, Januari 2013. Eweida alishinda. Chaplin alishindwa. Msalaba ule ule, dini ile ile! Tofauti ilikuwa sababu. Kwa Eweida ilikuwa sura ya kampuni, yaani macho. Kwa Chaplin ilikuwa afya ya wagonjwa, na hospitali ilikuwa imejaribu kumtafutia njia. Tafadhali mshike hilo la kutafuta njia, kwa maana kamati yetu haikulifanya. Mama alisema mwenyewe, rozari nitaitia ndani. Njia ililetwa mezani na mfanyakazi, mwajiri akaisukuma.

Karibu na sisi zaidi ni Afrika Kusini. Askari watano wa gereza la Pollsmoor, karibu na Cape Town, wote wanaume, walifukuzwa mwaka wa 2007 kwa kukataa kukata rasta. Wengine walikuwa Marasta wa imani, wengine walizifuga kwa mambo ya mila ya Waxhosa. Wakuu walisema nidhamu na usalama wa gereza. Mahakama zikauliza: askari wa kike wa gereza hilo wanaruhusiwa rasta, je, za wanawake hazivunji usalama? Na kazi ya hawa watano ilikuwa imeharibika wapi? Hakukuwa na jibu. Mahakama ya rufaa ikathibitisha ushindi wao mwaka wa 2013. Hapo ndipo tulikumbuka lile koti. Kanuni inayomshika mmoja na kumwacha mwingine mwenye hatari ile ile inajieleza yenyewe.

Hapa Kenya kesi zilizojulikana sana ni za shule. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na Katiba, ikaagiza msichana wa shule ya upili ya Olympic, Kibera, arudi darasani na nywele zake. Na kuna ile ya shule ya St. Paul Kiwanjani, Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Wasichana wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka wa 2016. Mahakama ya Juu ikaondoa uamuzi huo Januari 2019, na sababu kubwa ilikuwa namna dai la wazazi lilivyoingizwa kesini, halikupitia mlango wake. Miaka karibu mitano ya kesi, kisha makaratasi. Tunawaambia hili ili mjue kwamba haki bila utaratibu inaweza kukaa nje kwenye mvua.

Basi utaratibu wa mfanyakazi ni upi? Tunasema na wale ambao watoto wao wanafanya kazi Kisumu mjini, kwenye hoteli, maduka, mashamba ya miwa na viwandani. Mtu asingoje ugomvi. Siku ya kwanza aeleze kwa mwajiri, vizuri, navaa hiki kwa sababu ya imani yangu, naomba tuone namna. Aandike kwa karatasi, hata mistari mitatu, abaki na nakala. Aseme pia anachoweza kubadilisha: leso ya rangi ya sare, ncha zifungwe ndani, ndevu zifunikwe kwa wavu pale chakula kinapopikwa. Wengi hukasirika wakaondoka kimya, na ukiondoka kimya watasema uliacha kazi mwenyewe.

Kama mwajiri anataka kumwachisha kwa kosa, sheria inamtaka kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akiwepo, na amsikilize. Kama ni Kijaluo anachoelewa, aelezwe kwa Kijaluo. Dini ya mtu si sababu halali ya kumwachisha. Hiyo imeandikwa kwa kifungu cha 46. Akishaachishwa, ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na ofisi iko Kisumu. Mahakama ya Ajira na Leba nayo inakaa Kisumu, na kesi huko ina muda wa miaka 3. Akishinda, mahakama inaweza kuagiza arudishwe kazini au alipwe, na fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12. Nauli ya Kisumu si pesa nyingi kwa kikundi. Tunaomba vikundi viwe na desturi ya kumsindikiza mtu, kwa maana ofisi hizo zinatisha mtu akiwa peke yake.

Sasa tugeuke tujitazame sisi wenyewe, maana vikundi vyetu ni waajiri, ingawa hatupendi neno hilo. Tunasema "tumemsaidia kazi." La, umemwajiri. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, sheria inaanza kumhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Kazi ya miezi 3 na zaidi inatakiwa iandikwe. Yule mama alifanya miezi 7 bila barua. Tulipouliza katika vikundi vingine vya hapa, wa visiagi, wa shule za chekechea, wa mapipa ya maji, tulikuta karibu wote ni hivyo hivyo. Wengine wakasema, tunajuana, karatasi ya nini? Hata yule mama tulijuana naye.

Na ule mkanda. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, nayo inamtaka mwenye mashine azibe sehemu zake zinazozunguka na zenye hatari, ili mtu asizifikie. Yaani kifuniko cha mkanda si fadhili. Ni wajibu. Hatari tuliyomwandikia yule mama kwenye kitabu ilikuwa ni hatari yetu, tumeifuga sisi tangu siku kisiagi kilipofungwa, kisha tukaitafutia shingo ya kuiangukia. Fundi wa pale sokoni anatengeneza kifuniko cha bati na wavu wa chuma kwa siku moja. Kikiwekwa, leso iliyofungwa vizuri haina shida tena, wala rozari iliyo ndani ya nguo. Lakini koti lile, hapana. Koti lile hata kukiwa na kifuniko livuliwe!

Mtu aliuliza hapa kabla hatujaanza, je, kikundi kikiwa cha kanisa, hakiwezi kuajiri watu wake tu? Tujibu kwa uangalifu. Ukitafuta katekista, ni haki kutaka Mkatoliki, maana kazi yenyewe ni imani. Kusaga mahindi si kufundisha katekisimu. Na kikundi hicho kiliandikishwa kama cha kijiji chote, hisa zimenunuliwa na watu wa kila dini, hata Legio wawili wamo kwenye orodha ya wanachama. Pesa yao ya hisa haikuvuliwa leso.

Mama mmoja wa kikundi cha chekechea ameuliza juu ya mwalimu Mwislamu anayetaka kuvaa hijabu darasani. Mama, swali ni lile lile. Watoto wanadhurika wapi? Wazazi wakija na maneno, kamati ndiyo isimame mbele, isimwache mwalimu peke yake akijibu. Kijana wa boda boda naye ameuliza kuhusu kilemba na helmeti. Hapo kaka, sheria ya trafiki inataka mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti, na lami ya Kisumu na Kericho hapa nje haitazami dini ya mtu. Uingereza waliwaruhusu Kalasinga kuendesha pikipiki kwa kilemba bila helmeti kwa sheria ya 1976, lakini walibadilisha sheria bungeni. Hawakuamua tu wenyewe barabarani. Kitambaa chepesi kinakaa chini ya helmeti bila taabu. Na wale wazee waliokwenda Kisumu zamani kutengenezewa lori watakumbuka mafundi Kalasinga, wamelala chini ya gari, mafuta hadi viwiko, na kilemba kiko pale pale. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kilemba kinajua kufunga nati.

Swali la mzee wa nyuma lilikuwa gumu kidogo: je, mtu akija na kila kitu na kusema ni dini? Leo nywele, kesho hataki kuoga? Mzee, usafi unaweza kudaiwa kwa kila mtu sawasawa, na nywele ndefu zinaweza kuwa safi. Hatupimi kama dini ya mtu ni ya kweli. Hiyo si kazi ya kamati. Lakini tunaweza kumwuliza kwa heshima, jambo hili kwako ni lazima au ni kupenda tu? Yule mama alitujibu bila hata kuulizwa. Rozari aliweza kuificha. Leso hakuweza. Alikuwa ameshatofautisha yeye mwenyewe, sisi ndio tuliochanganya.

Tunayoyaomba vikundi vyote ni machache. Kila kikundi chenye mfanyakazi kimwandikie barua kabla ya mwisho wa mwezi. Kanuni ya mavazi, kama ipo, isomwe tena katika mkutano wa wote, na kila sharti liwe na sababu yake imeandikwa pembeni, sababu ya kuonyeshwa kwa kidole. Sharti lisilo na sababu lifutwe. Wenye mashine waite fundi wa kifuniko. Ofisi yetu ina nakala za Katiba na za Sheria ya Ajira. Njooni msome, au mlete kijana wa kidato awasomee.

Kuhusu yule mama. Wiki iliyopita wawili wa kamati na mmoja wetu tulikwenda nyumbani kwake. Tulibeba mshahara wa zile siku 11, na barua inayosema kamati ilikosea na ofisi ilikosea. Alitukaribisha, akatupa viti chini ya mwembe, akasoma barua yote mara mbili. Alipokea pesa, akazihesabu, zikawa sawa. Tulipomwambia kwamba kazi ipo akitaka, alisema atafikiri, kwa maana sasa anauza omena soko la Awasi na hapo hakuna anayemwuliza juu ya kichwa chake. Hatukumsukuma. Kabla hatujaondoka aliuliza kitu kimoja tu, kama ule mkanda umefunikwa. Ilibidi tuseme bado. Fundi anakuja Jumanne.

Mkutano ujao uko hapa hapa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Makatibu, mje na vitabu vya mikutano na barua za wafanyakazi wenu.